Barua ya Tarehe 22

Jumatatu, 6 Mei
Ofisini saa mbili kasoro dakika kumi. Nimefuta meza. Nimesaini barua sita za utambulisho za wanaokwenda mafunzo kwa vitendo. Zawadi, katibu mkuu wangu wa serikali ya wanafunzi, kachelewa tena. Mara ya tatu mwezi huu. Ninaandika ili nisisahau.
Saa nne nimekutana na mshauri wa wanafunzi kwenye ngazi. Nikampa shikamoo. "Marahaba, rais. Tunashukuru mlivyotuelewa kwenye suala la hosteli." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.
Sijui. Suala gani?

Jumanne, 7 Mei
Nimejua. Tangazo limebandikwa asubuhi. Hosteli ya wasichana itafungwa mwaka ujao wote wa masomo. Kila mmoja ajitafutie chumba mtaani. Chini kabisa: "kwa ridhaa ya serikali ya wanafunzi, rejea barua yao ya tarehe 22 Aprili."
Tarehe 22 nilikuwa Iringa. Tulikuwa tunamzika babu. Niliondoka Ijumaa tarehe 19, nikarudi tarehe 25.
Kantini wasichana wenzangu, wanaojua naishi kwa shangazi, wamenigongea meza. "Mheshimiwa, kwa shangazi yako Goba kuna nafasi? Tuje na magodoro?" Mwingine: "Rais katuuza huyu." Nimeacha wali wangu nusu.

Jumatano, 8 Mei
Karani wa mshauri kanionyesha barua. Hakuniruhusu kuipiga picha. Karatasi yetu. Muhuri wetu. Saini kama yangu, hadi mkia wake.
Nilipokuwa Iringa muhuri alibaki nao Zawadi. Na Zawadi anaweza kuiga saini yangu. Aliwahi kuiga ubaoni, sote tukacheka. Leo haichekeshi.
Nimemwambia mshauri kwamba si mimi niliyesaini. Kisha kasema bunge la wanafunzi likithibitisha kuwa imeghushiwa, barua itafutwa na hosteli haitafungwa. Bunge linakaa Jumatatu.

Alhamisi, 9 Mei
Namchunguza Zawadi. Simu yake anailaza kioo chini. Nikiingia anafunga faili. Chai ananywa peke yake, zamani alikuwa ananisubiri.
Analala hosteli hiyohiyo. Kwao ni Kigamboni. Ikifungwa, kila siku atavuka kwa pantoni. Nani atamshuku mtu wa namna hiyo? Labda ndiyo hesabu aliyopiga.
Muhuri nimeuhamishia mkobani. Kaniuliza uko wapi. Nimejibu upo.

Ijumaa, 10 Mei
Kikao cha baraza la serikali yetu. Nimesema yote. Zawadi kachukia.
"Mie nalala humohumo, Mheshimiwa. Nijifukuze mwenyewe?"
Nikamwambia siku ile muhuri alikuwa nao yeye.
"Nilikuwa nao. Na ufunguo wa choo nilikuwa nao. Choo nacho nimekiiba?"
Wawili wakacheka. Sikucheka. Nimemsimamisha kazi. Siku zote huniita Tuma. Leo kaniita Mheshimiwa, mara mbili.

Jumamosi, 11 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nasikia wenzake wametoa godoro la Zawadi, wakaliacha kwenye korido. Hakuna anayekula naye.
Mimi wananisalimia tena. "Rais wetu huyo." Nimefurahi. Niandike ukweli: nimefurahi.

Jumapili, 12 Mei
Baada ya kanisa nimekaa kuandaa hotuba ya kesho. Nilitaka tarehe za safari ziwe sahihi. Nikarudi nyuma kwenye shajara hii. Ijumaa, 19 Aprili. Mwandiko wangu mwenyewe:
"Barua kumi na moja. Kumi za utambulisho, moja YAH: MATENGENEZO YA HOSTELI. Kaileta karani wa mshauri, imeshachapwa kwa tarehe ya Jumatatu, ndipo itakwenda. Zawadi yuko darasani. Nimesaini na kugonga muhuri zote. Basi la Iringa saa sita."
Jumatatu ile ndiyo tarehe 22.
Nilisoma mstari wa YAH tu, kichwa cha barua. Nasomaga YAH tu. Rais aliyepita ndivyo alivyonifundisha: chini ya YAH ni salamu, utachelewa bure. Kufunga hosteli kulikuwa kwenye aya ya pili.
Hakuna aliyeghushi.
Nikinyamaza, barua inafutwa, wasichana wanabaki na vyumba vyao, mimi nabaki na cheo. Anayeumia ni Zawadi peke yake. Nikisema, hosteli inafungwa.
Nimeushika ukurasa ule kwenye kona. Karatasi moja tu. Shangazi akaniita nikale. Nimekwenda. Sikuuchana.

Jumatatu, 13 Mei
Nimewasomea ukurasa wa tarehe 19, wote.
Kisha mmoja wa nyuma: "Umesoma kichwa tu, kama magazeti ya kuning'inizwa stendi!" Ukumbi mzima ukacheka, halafu ukaacha kucheka. Mmoja wa hostelini alikuwa analia.
Wamepiga kura niondoke. Mikono ilikuwa mingi. Sikuihesabu.
Barua ni halali, hosteli inafungwa. Makamu anashika nafasi yangu. Zawadi karudishiwa kazi. Nimemkabidhi muhuri. Kaupokea kwa mikono miwili, kama anayepokea kitu kwa mgeni.
"Asante," kasema. Basi.

Jumamosi, 18 Mei
Goba. Jua kidogo. Nimetoa masanduku ya shangazi juu ya kitanda cha pili chumbani kwangu. Nimefagia, nimefuta dirisha.
Nimemwandikia Zawadi. Kwamba nilimkosea. Kwamba kwa shangazi nafasi ipo, kilima ni kikali ukitoka barabarani, maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Nimeusoma ujumbe mzima, tangu juu mpaka chini, ndipo nikatuma.
Kausoma. Hajajibu.
Shangazi kauliza kitanda hicho cha nani. Nimemwambia cha mtu ambaye bado hajakubali. Kaniangalia, akaenda kuleta shuka.
Nimetandika.