Kofia Niliyopoteza Fort Jesus

Mjukuu wangu Njoroge,

Huku Nakuru tuko wazima. Shosho yako ananenepa, na ng'ombe amezaa mapacha kwa kuniogopa mimi. Umeuliza kwa nini usipeleke posa peke yako, na mdomo unao.

Kesho nenda hapo Mombasa, Fort Jesus, uangalie kuta. Mimi nilifika nikiwa kijana wa reli, ngome ilikuwa jela na wafungwa wametoka kuhamishwa, pamoja na rafiki yangu Kiprono. Nikamwambia, "Ngome hii ningeiteka asubuhi, saa nne ninakunywa chai ndani!" Tukawekeana dau, kofia yangu mpya ya kuendea ukweni: nijibanze chini ya ukuta, yeye akiwa juu asinione; akiniona, kofia ni yake.

Nikajibanza kama mjusi. Akachungulia juu yangu, wapi! Nikacheka. Mara ganda la chungwa, pwa, kisogoni! Kiprono alikuwa amehamia pembe iliyochomoza upande wa pili.

"Jemadari, leta kofia!"

Kumbe kila pembe ilijengwa ilinde ubavu wa mwenzake.

Nilikuwa nimeapa kujisemea ukweni. Baada ya ganda lile, nikamwomba Kiprono anilinde ubavu, anisemee. Alikuja na kofia yangu kichwani, shosho yako akamtazama yeye kwanza! Lakini mke nikapewa.

Nitajie siku, nije nikusemee. Kofia ulete wewe.

Guka wako, mshindi wa Mombasa