Nondo Zilipotulia Hewani

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya mwisho ya majaribio kwenye kreni ya ghala. Nikifaulu, kile kibanda cha juu ni changu. Nikishindwa, narudi kwenye ufagio.

Leo mkufunzi — tunamwita Mama Taratibu, ingawa taratibu hana hata chembe! — alirusha nati juu akaidaka. Ilipofika kileleni, kasi yake ilikuwa ngapi? Sifuri, nikajibu. Na mchapuko? Sifuri pia. Wenzangu wakacheka. Wanafiki wakubwa, wangejibu hivyohivyo! Akasema mchapuko ungekuwa sifuri, nati ingebaki hukohuko juu kama popo. Uhamisho, yaani umbali wa kitu kutoka kilipoanzia, ukibadilika, hiyo ndiyo kasi. Kasi ikibadilika, huo ndio mchapuko. Kitu kinaweza kuwa kimesimama na hapohapo kinavutwa kurudi.

Halafu somo la mzigo unaoyumba. Usikae ukiutazama. Ufuate. Ukifika mwisho wa kuyumba, kreni iwe juu yake, utatulia wenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimefuata mizigo kutwa. Shingo imekakamaa. Anayenipa ishara chini ni shemeji, mume wa dada. Maneno hayamwishi: "Shem, niangalie vizuri, dada yako hana mume wa akiba!"

Kanuni ya ghala: ishara ya kusimama haina mwenyewe. Hata mpishi wa kantini akiinua mikono, unasimama. Hakuna mjadala.

Alhamisi, 7 Machi



Nilikuwa napeleka bunda la nondo kwenye lori. Shemeji akaniashiria nisimame, ghafla. Nikasimama. Kreni ilitii, nondo hazikutii — zikayumba mbele hadi karibu na lori. Pale mwisho zikatulia, kufumba na kufumbua tu. Shemeji alipoona zimetulia, akaingia kuzishika! Katikati kabisa ya njia ya kurudi kwa nondo.

Nikagusa mpini, kreni ikaanza kwenda. Akainua mikono. Ghala zima likapiga kelele: simama! Simama! Nikasukuma mbele. Kreni ikazifuata nondo, zikaning'inia wima, hazikurudi. Ila nilipitiliza kidogo. Taa ya lori ikapasuka.

Taa kila mtu ameiona. Kile ambacho hakikumpata shemeji, nani amekiona? Meneja kasema tuonane Jumatatu, nisiguse kreni mpaka hapo.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa dada. Kanipokea shingo upande, akauliza: Mume wangu anainua mikono, wewe ndiyo kwanza unaongeza mwendo? Shemeji alikuwa anaangalia sakafu.

Nikafunga funguo zao kwenye kamba ya kiatu, nikatembea sebuleni nazo, nikasimama ghafla. Zikaenda mbele, zikarudi, zikamgonga shemeji gotini. Mara ya pili nikazifuata. Zikatulia. Shemeji akazichukua, akajaribu mwenyewe. Akajaribu tena, na tena. Kisha akatoka nje nazo.

Nimeumia. Heri angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja. Shemeji kaitwa kwanza. Dada kapiga simu: nikubali kosa, niombe radhi, yaishe. Mimi najua sikukosea! Lakini kusimama niliambiwa, na sikusimama. Yote mawili ni kweli, na ofisi ile haina nafasi ya kweli mbili.

Shemeji katoka. Kakaa kando yangu, kofia ngumu magotini. Amewaambia niliokoa maisha yake. Amewaambia yeye ndiye aliyeingia kabla mzigo haujamaliza kuyumba. Nikamshika mkono, machozi yakanitoka bila aibu. Nikamuuliza, wamesemaje?

"Wamenisimamisha kazi. Sasa wanataka wewe uthibitishe tu kwamba niliingia mapema, shem."

Dada hajui bado.

Mlango uko wazi. Meneja kaniita, sijainuka; sasa ananiita mara ya pili. Na simu inaita — dada tena.