Barua Yangu na Ghala la Andayi

Jumapili, 7 Juni 1970
Nimefungua duka la vitabu saa saba, ingawa Jumapili hakuna anayenunua kitabu Kakamega. Nafungua kwa sababu ya ghala la jirani. Saa nane mdogo wangu Andayi anaweka santuri ya kwanza ya soul na rafu zangu zinaanza kutetemeka. Kamusi imeanguka tena.

Miaka mitatu iliyopita lilikuwa ghala la mahindi, lenye panya. Siku ya kwanza ya dansi walikuja kumi na wawili, wawili kati yao binamu zetu. Leo malori mawili kutoka Bukura, wanachuo watupu, suruali za bugaluu zikifagia vumbi. Wengine wametoka Mumias, wengine Lugari. Hakuna pombe. Soda na kucheza tu, mpaka jua linapozama.

Wananiita Mama Gazeti, kwa barua ninazoandika magazetini. Mmoja amepaza sauti mlangoni: "Mama Gazeti, weka kalamu chini uje utikise!" Nimemfukuza. Mguu wangu ulikuwa ukicheza chini ya meza.

Jumapili, 21 Juni 1970
Leo Shivachi ameleta isukuti. Ngoma zote tatu: baba, mama na mtoto. Andayi amepunguza sauti ya santuri, ngoma zikaingia juu yake. Watu wamenyamaza kwanza, kisha wamepiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya uhuru.

Nimelia. Nina miaka arobaini na minane, nimesoma vitabu vya mabara manne, na nimelia nyuma ya rafu.

Ijumaa, 3 Julai 1970
Jana tumemzika mzee Lihanda, bwana wa mafahali wa kupigana. Shivachi alipiga ngoma tangu asubuhi. Mjane wa mzee, Mama Muhonja, ndiye aliyekuwa akinipa uji mama yangu alipolazwa. Hakulia. Alikaa tu.

Jumatatu, 6 Julai 1970
Andayi amekuja dukani, akafunga mlango. Ngoma iliyomlilia marehemu haipelekwi dansini mpaka wafiwa wanyolewe. Kila mtu hapa anajua. Kwa mzee Lihanda hawajanyoa, wanamsubiri mwanawe atoke Kampala. Lakini ngoma nyingine za Shivachi, za dansini, zilikuwa zimepasuka ngozi, malori ya Bukura yalikuwa njiani, basi jana amezileta zilezile za msibani.

"Dada, hii ibaki hapa."

Nimemwapia.

Alhamisi, 9 Julai 1970
Mchungaji mmoja ameandika gazetini kwamba soul ni ugonjwa kutoka ng'ambo, na kwamba vijana wa Ghalani wametupa ngoma za babu zao. Mjinga. Hajawahi kukanyaga pale. Nimejibu kurasa nne kwa pumzi moja. Chai imepoa bila kuguswa.

Jumanne, 14 Julai 1970
Imetoka. Nzima, hawakukata neno. Watu wananisimamisha barabarani kunipa mkono. Mchungaji hana pa kushika.

Sentensi inayomvunja iko mwisho: ngoma iliyochezwa Ghalani Jumapili ile ndiyo ileile iliyomlilia mzee Lihanda siku tatu kabla.

Nimeisoma mara tano nikifurahi. Mara ya sita nimeisikia.

Jumapili, 19 Julai 1970
Saa nane kasoro Mama Muhonja amekuja peke yake. Amekaa kwenye kizingiti cha ghala. Kanga nyeusi, nywele hazijanyolewa.

Malori yamefika. Vijana wameshuka wakicheka, wakamwona, wakasimama. Nani atamruka mjane? Hata wale wa Mumias, ambao si mila yao, wamerudi nyuma. Santuri imecheza ndani ya ghala tupu. Kisha Andayi ameizima.

Jumapili, 9 Agosti 1970
Jumapili ya nne. Amekaa tena. Lori halikuja hata moja. Shivachi amehamia kwa shemeji yake kule Matete, na watu wanasema haguswi hata kwa salamu.

Nimemwambia Andayi nitaandika barua nyingine, nieleze. Amenitazama kama mtu mgeni.

"Wewe unapendanga kushinda, dada. Sasa umeshinda."

Najichukia. Sina neno la kupamba hilo.

Jumamosi, 29 Agosti 1970
Nimekwenda kwa Mama Muhonja. Nilikuwa na hotuba. Nimeisahau mlangoni.

Amenipa kiti. Amesema ngoma hazikumkasirisha sana. Alizisikia Jumapili ile ile kutoka shambani, akazitambua. "Vijana ni vijana. Ningewatoza kuku mmoja, ningewatukana kidogo, yangeisha hapa uani. Wewe ndiye uliyeiambia nchi nzima kwamba mzee wangu alichezewa. Sasa ukoo umesema nisinyolewe mpaka matanga yarudiwe. Nitamtoza nani kuku, mwanangu? Gazeti?"

Nimesema nisamehe. Amesema kesho hatakwenda kukaa pale, mgongo unamuuma, na tena hakuna anayekuja.

Hakusema amenisamehe.

Jumapili, 20 Septemba 1970
Wamerudia matanga. Ngoma zimeazimwa Khayega, wapigaji wageni. Mama Muhonja amenyolewa. Nimesimama nyuma kabisa, karibu na zizi. Andayi alikuwa upande wa pili. Mkono wake ulikuwa ukipiga paja pole pole. Aliponiona aliuacha.

Jumapili, 4 Oktoba 1970
Gazeti wameniletea barua. Wanataka makala, lolote nitakalo. Sijajibu.

Saa nane rafu zimekaa kimya. Nimesikia kitu kama mvua, nikatoka. Andayi anahamisha mahindi ya Lugari kutoka kwenye mkokoteni, anayaingiza ghalani kwa debe. Spika zimegeuzwa uso ukutani, magunia yamepangwa juu yake. Alikuwa peke yake, gunia analojaza likimwangukia kila alipoinama.

Nimevua viatu nikaingia. Nimelishika gunia, mdomo wake wazi.

Debe la kwanza, la pili. Kwenye la tatu mahindi yamemwagika kidogo.

"Shika vizuri," amesema.

Nimeshika vizuri.