Isha ya London na Meno ya Salma

Baba yangu,

Kabla sijakupa habari ya jana, kuna jambo linaniwasha na wewe ndiye mwenye jibu. Ule mstari mwekundu unaingiaje ndani ya dawa ya meno? Uliipasua ile dawa mpya kwa kisu cha kukatia vitunguu, ukaitandaza juu ya kibao kama unapara samaki, ukaichungulia huku miwani imeshuka puani. Nilirudi kutoka ghalani nimechoka, nikakuta jiko zima linanukia minti na wewe una povu jeupe mpaka kwenye kikoi. Nikakuuliza, "Baba, vipi tena?" Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mtoto kaniuliza mstari unaingiaje. Ulitaka nimwambie sijui?" Nikakasirika kwa sababu ya dawa, nikasahau kukuuliza uliona nini. Salma anajua, lakini anasema ni siri yenu.

Ndivyo ulivyokuwa tangu ulipofika kwetu Edmonton, huku London, baridi ile, na koti nililokununulia likikupwaya mabegani. Wazee wengine wakija huku hukaa karibu na hita wakauliza tiketi ya kurudi Pemba lini. Wewe ulikuwa unauliza mambo. Kwa nini bomba la moto na la baridi hayajuani? Jirani yule mwanamke anaongea na nani bustanini, mbwa au maua? Ulikuwa unakwaruza kadi za simu ukawapigia watu wa Wete kuwahadithia, na dakika zikikatika katikati ya hadithi unamlaumu mwenye kadi. Ulivuka mji mzima kwa basi na treni kwenda Tooting kununua mswaki wa mti, ilhali duka la pale chini yetu lilikuwa nao. Nilipokwambia, ukasema yule wa Tooting anajua kuongea. Haya, mzee, nani akubishie.

Na ukamkuta mwanangu Salma. Umri wake miaka saba, kapungua meno ya mbele, mwingi wa maneno, yote ya Kiingereza. Siku ya kwanza tu ukamtangaza kuwa mkeo. "Huyu ndiye mke wangu wa London. Rukia mkwe wangu, wewe mpikie mumeo, mimi nishapata wangu." Salma akaja kuniuliza kwa Kiingereza chake kama ni kweli anaolewa, nikamwambia ndivyo babu zetu wanavyotania wajukuu, asiwe na wasiwasi. Akafikiri kidogo, kisha akaenda kukudai mahari ya chokoleti.

Shida ilikuwa hizo chokoleti, au hivyo ndivyo mimi nilivyodhani. Maana meno ya Salma yalikuwa yanatoboka na sisi hatujui kwa nini. Rukia alilaumu maziwa ya shule. Mimi nililaumu chokoleti zako na peremende za sherehe za kuzaliwa, kila wiki mtoto wa mtu kazaliwa. Wewe ulilaumu maji ya bomba, ukasema yana ladha ya sarafu. Kitu ambacho hakuna aliyekilaumu ni mswaki, kwa sababu nyumba yetu, wallahi, ilikuwa inapiga mswaki. Mtoto hakulala hata siku moja ya baridi ile bila kusugua meno. Ndiyo maana ilitushangaza.

Unakumbuka tulipokwenda wote wanne kwa daktari wa meno? Nilikwambia ubaki nyumbani, kuna theluji. Ukasema mume hamwachi mkewe aende kwa daktari peke yake. Daktari mwenyewe akawa binti wa Kihindi aliyezaliwa Dar akakulia Stanmore, huku huku London. Alipokusikia unanung'unika Kiswahili mlangoni akakuamkia, "Shikamoo mzee," nawe ukageuka kama umeitwa na mtu wa mtaani kwetu. Tangu hapo mimi na Rukia tukawa wasindikizaji tu.

Akamtazama Salma kinywani muda mrefu. Kisha akasema hayo mashimo ataweza kuyaziba, lakini yakiongezeka mengine, itabidi mtoto apelekwe hospitali, apigwe nusukaputi, meno yang'olewe kwa mpigo. Alisema kwa upole, ni kazi yao ya kila siku. Hakujua kasema nini. Mimi na wewe tulitazamana, Baba. Marehemu Mama aliingia chumba cha upasuaji akilalamika tumbo, akapigwa nusukaputi, na hatukumsikia tena akisema neno. Tangu siku ile neno hilo halitajwi mbele yako. Niliona mkono wako unatafuta pa kushika.

Nikakusikia unasema, sauti nyembamba, "Binti yangu, huyu mke wangu hang'olewi. Niambie tu tunakosea wapi. Sisi tunapiga mswaki kila siku."

"Basi nionyeshe, mzee. Usiku mnafanyaje, tangu mwanzo mpaka mtoto anapolala."

Ukasimama katikati ya chumba kile, ukapandisha mikono ya sweta, ukaanza. Laiti ungejiona! "Ukiingia wakati wa Isha, kwanza mswaki. Hivi. Halafu udhu. Ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo nilivyomfunza huyu Bakari, naye kamfunza mwanawe. Mswaki na Isha ni ndugu."

"Halafu?"

"Tunasali."

"Halafu?"

"Mkwe wangu anapakua. Wali, mchuzi, siku nyengine ndizi za nazi."

"Halafu?"

"Halafu kahawa yangu na halua. Huyu namkatia kipande kidogo. Halafu..." Hapo sauti ikaanza kupungua mwendo. "Halafu analala."

Daktari alikuwa mtu mwenye adabu, alikuachia umalize mwenyewe. Ukashusha mikono ya sweta, mmoja mmoja. "Lahaula," ukasema. "Kwa hivyo kinachomlaza mke wangu ni halua."

Kwetu Pemba Isha haitembei, Baba. Mwaka mzima inaingia wakati ule ule, watu wameshakula, kilichobaki ni kulala. Ukifunga mswaki na Isha umeufunga na kitanda. Nani angefikiri kwamba kuna nchi ambayo Isha inakwenda matembezi? Huku baridi ikishika inaingia chakula bado hakijaiva, mtoto anasugua meno kisha ndio anakula. Daktari akaniuliza mimi, "Na wakati wa joto?" Nikajikuta nakuna kichwa. Wakati wa joto Isha inaingia mtoto keshalala zamani, na sisi hatuna moyo wa kumwamsha. Kwa hivyo nusu ya mwaka anapiga mswaki kabla ya kula, na nusu nyengine usiku hapigi kabisa, na nyumba nzima tunaapa kwamba tunapiga kila siku!

Rukia alicheka mpaka akajifunika mtandio usoni. Mimi nikacheka. Daktari akacheka. Wewe hukucheka. Ndani ya basi ulikaa karibu na dirisha, Salma kakulalia begani, na ukaniambia kwa sauti ya chini, "Sheria yenyewe niliileta mimi." Nikakwambia ni sheria nzuri, imepanda ndege tu ikachanganyikiwa. Ukatikisa kichwa. Nilitamani kukushika mkono, lakini kwetu mwanamume hamshiki babake mkono ndani ya basi, basi nikakushikia mfuko wa machungwa.

Usiku ule ule ukatangaza sheria mpya, umesimama mlangoni pa bafu kama unasoma hotuba. "Kuanzia leo mswaki unafuata kitanda, haufuati adhana. Adhana ya huku ina miguu." Ukifika wakati wa udhu, mswaki wa mti, sunna yetu pale pale, wakubwa kwa wadogo. Lakini kitanda kikishatandikwa, tumbo limeshashiba, halua imeshaliwa pamoja na chakula si baada yake, ndio mswaki wa plastiki na dawa, kiasi cha mbaazi moja, na baada ya hapo ni maji matupu mpaka asubuhi. Asubuhi tena kabla ya shule. Na mtu mzima asimame pale, maana daktari alisema mtoto wa umri ule akiachwa peke yake husugua meno ya mbele yanayoonekana kwenye kioo, ya nyuma anayaachia Mungu.

Kilichokushinda kwanza ni kule kutema bila kusukutua. Daktari alisema maji yanaiondoa dawa kabla haijafanya kazi. "Mtu alale na povu kinywani!" ulilalamika. Lakini udadisi ukakushinda zaidi. Ukaomba mswaki wako mwenyewe wa plastiki, wewe uliyekataa miaka yote, ukajaribu, ukalala nao. Asubuhi ukatokea jikoni umenyooka. "Bakari, nimeamka na kinywa cha bwana harusi." Rukia akaangusha kijiko.

Tangu hapo ukawa unakaa ukingoni mwa beseni la kuogea kila usiku, mti wako mkononi, na Salma juu ya kigoda mbele ya kioo, mswaki wake wenye picha ya kasa. Mlango mnaurudisha. Wewe Kiingereza chako kilikuwa cha "thenkyu" na "bas stop". Yeye Kiswahili anakisikia lakini hakitoki. Na mimi ninapita na nguo za kufua nasikia mnacheka humo ndani. Mlikuwa mnacheka nini? Nimemuuliza, ananijibu, "Mambo." Neno moja la Kiswahili, na ndilo alilochagua.

Ukatutoka mwisho wa joto. Asubuhi, kitandani, bila kumsumbua mtu, umelala ubavu wako wa kulia. Ningeweza kuandika mengi ya siku ile, lakini unayajua, au huyajui, sijui nyinyi huko mnaambiwa nini. Hilo nalo ningependa kujua.

Nitakwambia hili tu. Tulikuosha msikitini, mimi na wazee wawili. Sikuwahi kumwosha maiti. Mzee mmoja akanipa kitambaa akasema, "Meno, mwanangu. Polepole." Nikakizungusha kwenye kidole, nikakipitisha juu ya meno yako. Yote yapo, Baba. Umri wote ule na yote yapo. Watu walikuwa wanasoma, na mimi nilikuwa nafikiri kwamba maisha yangu yote wewe ndiye uliyenishika taya ukaniambia fungua, na leo nakushika mimi. Sikulia. Nilijiambia nikianza sitamaliza kukuosha. Kaburini pia sikulia, na nyumbani watu walikuwa wamejaa.

Salma akagoma. Si kula wala kwenda shule, aligoma mswaki. Kila usiku anasimama juu ya kigoda, midomo kaifunga, ananitazama kwenye kioo. Nilibembeleza. Nilikaa ukingoni pa beseni pale pale ulipokaa wewe, akanitazama kana kwamba nimekalia kiti cha mtu. Rukia alijaribu kumwimbia. Nilipandisha sauti siku moja, akalia, nikaomba radhi. Miadi ya daktari ikawa inakaribia na mimi usingizi sipati, kila nikifumba macho namwona mwanangu kwenye kitanda cha magurudumu anasukumwa, na mlango unafungwa kama ulivyofungwa kwa Mama. Nilikuwa naogopa, Baba. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu mtu huyo ni wewe.

Usiku mmoja akafungua midomo, si kwa mswaki. Akauliza, kwa Kiswahili, taratibu, anaokota neno moja moja, "Nani alimsafisha Babu meno?"

Nikamwambia, "Mimi."

Akataka kujua vipi. Nikamwambia kwa kitambaa, kwenye kidole. Akataka kujua kama iliuma. Nikamwambia hapana, Babu haumwi tena. Akataka kujua kama nilifika ya nyuma. Nikamwambia nilifika, yote, hata ya nyuma kabisa. Akanikagua usoni, kama anavyonikagua nikimwambia dukani aiskrimu imekwisha. Kisha akaniletea mswaki, akaegemea goti langu, akafungua kinywa.

Basi jana ndiyo ilikuwa miadi. Nilichukua ruhusa kazini. Daktari akauliza, "Mzee yuko wapi leo?" nikamwambia, akaweka mkono kifuani. Akamlaza Salma kwenye kiti, akawasha taa, akapitia jino baada ya jino. Mimi nilikuwa nasoma Ayatul Kursiyu moyoni na nikawa naikosea, napotea katikati naanza upya. Kisha akainua kichwa. Hakuna shimo jipya, Baba. Hata moja. Hakuna hospitali, hakuna nusukaputi. Akasema nyumba inayopiga mswaki hivi hana la kuifundisha.

Nikatoka kwenda kusubiri wampe Salma stika yake, nikakaa kwenye kiti cha barazani, na pale ndipo kilipokuja. Kilio, Baba. Kile cha msikitini na cha kaburini, chote, mbele za watu, mtu mzima na koti langu la kazi. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa karibu akadhani mimi ndiye ninayesubiri kung'olewa. Akanipapasa mkono, akaniambia, "Usiogope mpenzi, hata hutahisi."

Nikamshukuru. Lakini nahisi, Baba. Nahisi sana.

Mungu akulaze pema. Sisi tunalala na meno safi.

Ni mimi mwanao,
baba wa mkeo wa London