Marion wa Ndhiwa na Marion wa Homa Bay

Marion,

Nimeenda kupalilia. Chai iko kwa thamosi, samaki nimefunika na sufuria. Kula haraka, ofisi ya Ndhiwa inapokea barua za kazi mpaka saa sita tu.

Asubuhi ulinipigia kelele mimi nyanya yako, "Dani, umeharibu!" kwa sababu nilitia CV zako mbili kwa bahasha moja. Nilidhani ni ukurasa wa kwanza na wa pili. Kumbe ni watu wawili! Wa Ndhiwa anatunza faili, wa Homa Bay anapokea wageni. Nimesoma tena polepole na bado sielewi. Wewe ni yupi?

Na matanga ya babu yako, mbona hayako popote kwa hizo CV? Ni wewe uliandika programu, ukapanga mahema, ukatuliza hata wale wakwe wa Ntimaru. Hiyo si kazi ya ofisi? Ulisema hawataki mambo ya matanga. ~~Basi ni wajinga.~~ Labda wana sababu.

Nimezitenganisha, ya Ndhiwa iko juu. Mwisho wa ukurasa huo nimeongeza hayo ya matanga kwa penseli. Ukiona aibu, futa, raba iko kando ya redio. Lakini usisugue sana mjukuu wangu, karatasi itatoboka.

Dani yako