Phare nafunga miye, sifa anabeba Baba Hawa

Tantine Agar, nakuandikia na furaha na woga pamoja, usishangae, utaelewa, unisaidie tu. Jina yangu usiitaje ku radio, useme Mama Hawa wa Beni, ba Mama Hawa ni bengi huku, hakuna mutu atanijua.

Bwana yangu, Baba Hawa, ni motard, anabebaka batu na pikipiki, na tunaishi muzuri, wallahi, hanipigake, hanywake, na tangu tulikimbia vita kule Mutwanga tukakuya huku Beni, harudiake nyumbani mikono mitupu, hata ndizi moja ataleta. Sasa sikia. Phare, ile taa ya mbele ya pikipiki yake, ilikuwa inatoa kamwangaza kadogo ka njano, ni sawa kibiriti, na ile barabara unaijua venye iko na mashimo, donc akanunua ampule ya LED, ile balbu ya kisasa, mu soko, akaifunga mu lupango, ni kusema kiwanja yetu, ikawa inachezacheza, inawaka inazima, akakasirika, akataka kuitupa. Nikamuambia: lete. Tantine, marehemu baba yangu alikuwa anatengenezaka umeme ya magari, na tournevis, bisibisi, naijua kuliko mwiko. Nikafungua phare nikaona neno: courant ya umeme ilikuwa inatoka moja kwa moja ku moteur, na LED inataka courant ya batterie. Nikahamisha waya, nikakata kidogo ile kofia ya mupira ya nyuma, juu LED iko na kaventilateur, kafeni kadogo, kenye kalikataa kuingia, nikafunga, tukawasha, yo! Jirani yetu Jokébed alitoka mu jikoni yake anauliza ni gari gani imeingia mu lupango.

Kesho yake ku parking, kwenye banangojeaka bateja, bamotard bakamuuliza nani alikufungia ile taa, na bwana yangu akajibu: "Ni miye." Vile tu! Alirudia nyumbani akanihadithia mwenyewe, na haya kidogo, nikacheka mpaka machozi. Kumbe bamotard bakaanza kukuya na ampule zao. Banakaa mbele ya nyumba, nabapatia chai, nasema naenda kuangalia sombe ku moto, kisha Baba Hawa anapitisha pikipiki nyuma ya nyumba, kwenye tulitundika kitenge, na pale miye nafunga, yeye anakaa juu ya bidon ya maji ananipigia hadithi za barabara, na kabla ya kutoka kwa bateja anajipakaa mafuta ya chaîne, ya munyororo, ku vidole. Tantine, ile njo saa yangu ya furaha kupita zote.

Mais nilienda Kyavinyonge kununua samaki, na miye sipo, Josaphat, motard rafiki yake, akakuya na ampule. Baba Hawa akaona haya kusema "ngoja bibi arudie," akaifunga peke yake. Courant aliiweka muzuri. Kitu alisahau ni kuinamisha phare. Miye saa namaliza namukalishaka yeye na gunia nyuma ya pikipiki, juu pikipiki yenye muzigo inashuka nyuma na phare inaangalia juu, njo nazungusha visi, ile skurubu ya phare, mpaka mwangaza inarudia ku barabara. Na yeye, siku zote, alifikiri namukalisha pale juu ya mapenzi!

Basi Josaphat akabeba mama moja na gunia ya kakao, akafika ku barrière ya basoda, kizuizi ya baaskari, jioni, mwangaza ikabapiga mu macho. Tantine, unajua venye batu banauawaka huku, soda mwenye hakuone hakuulize, anapiga tu. Balipiga kelele "Boma mwinda!", ni kusema zima taa, balipiga risasi juu, Josaphat akaanguka mu mufereji na ule mama. Bako bazima, Mungu asifiwe. Josaphat anasema ni basoda bako bakali. Bwana yangu nilimuonyesha ile visi, akaelewa, mais Josaphat hajamuambia kitu.

Sasa papa Zorobabel, président wa parking, ameomba Baba Hawa afunge phare za bamotard bote samedi, Jumamosi hii, mbele ya macho ya batu. Na amekubali! Ananiambia: "Nitaweza, Mama Hawa, usinipatishe haya." Nikinyamaza, siku moja mutu atakufa ku barrière juu ya visi moja. Nikisema, bwana yangu anakuwa kichekesho, na ile kitenge yetu ya nyuma ya nyumba imeisha. Nifanye nini?

*

Mama Hawa, barua yako nimeisoma, nimecheka mpaka pale ku kitenge. Ku barrière nimeacha kucheka.

Nikuambie bila kuzunguka: na weye uko na kosa. Siku alikuhadithia ule uongo, ulicheka. Kitenge mulitundika bawili. Donc hapana kuniletea bwana yako sawa mutu mwenye amekuibia. Na pia uko na bahati, mama! Babibi bananiandikiaka na macho ya kuvimba, weye unaniandikia juu ya bwana mwenye anajipakaa mafuta ku vidole. Ndoa ya vile haivunjike juu ya ampule. Na nani alikuambia akisema kweli hatakaa tena juu ya bidon?

Samedi iko mbali. Phare ya Josaphat iko ku barabara leo. Chukua tournevis, chukua bwana yako, mwende kwake sasa, bote bawili, muinamishe ile phare, na Baba Hawa amuambie Josaphat sababu. Mufanye haraka, juu uliniambia nifiche jina, nimeificha, mais Josaphat na yeye iko na radio.

Samedi, Baba Hawa njo afungue kinywa, hapana weye. Aseme: "Bandugu, fundi ni bibi yangu." Batacheka. Bacheke! Lundi, Jumatatu, bamotard batapata mutu mwingine wa kucheka. Risasi ikipata mutu, lundi hakuna mwenye atacheka.

Kisha weye vaa muzuri, funga kitambaa yako, ukalishe kila motard na muzigo yake nyuma, uzungushe visi bote bakiona. Ubaambie tena: mbele ya barrière unashusha mwangaza, unapunguza mwendo, unasimama. Na bwana yako akikataa kusema, uende kwa Zorobabel peke yako kabla ya samedi. Haitakuwa tamu. Utaenda hata vile.

Na weye Baba Hawa, najua unasikiliza. Neveu yangu, mutoto wa ndugu yangu, anatokaka Kamango na pikipiki, phare yake inapofusha batu. Nimemuambia apite ku parking yenu samedi, aulize fundi wa phare ni nani. Atauliza weye. Umushike mukono, umupeleke kwa bibi yako.