Ufunguo wa Mstari wa Saba

Nizwa,
Ijumaa, 17 Oktoba 1986

Kaka yangu Marhoun,

Shikamoo, kaka. Vipi mgongo wako, umeshaacha kukusumbua ukiinuka? Na wifi Wadha hajambo? Sisi huku tuzima kwa rehema za Mungu. Aliya ametimia miezi saba juzi, na meno mawili ya chini yametoka. Anayajaribu kwenye kidole cha kila anayempakata.

Ama baada ya hayo, barua yako uliyompa dereva tumeipata jana, na nitakwambia kweli, imeniudhi. Umeandika kwamba umesikia mume wangu kanyang'anywa klarineti yake bendini, na kwamba mtu mzima badala ya kupuliza bomba bora aje kwako Al Kamil auze mabomba ya maji, na mshahara utamlipa. Azzan alipoisoma alicheka. Mimi sikucheka, maana namjua: akicheka vile, ndiyo anakubali. Na umri wake wote hajapenda kazi kama anavyoipenda hii.

Umesikia, kaka, lakini hukusikia ilivyokuwa.

Klarineti yake si ile ndogo uliyoiona harusini. Hii ni kubwa, shingo imepinda kama ya bata, na sauti yake nene inatoka chini kabisa. Bendi ya kambi ya jeshi inataka kupiga muziki wa okestra Sikukuu ya Taifa mwezi ujao, na karatasi zimeletwa kutoka Ulaya. Sasa tazama dhulma. Noti zinakaa kwenye mistari mitano, na mwanzoni pana alama wanayoiita ufunguo. Upo ufunguo wa sol, umejikunja kama konokono, na upo wa fa, kama sikio lenye nukta mbili. Noti ile ile, mstari ule ule, ufunguo ukibadilika inakuwa sauti nyingine kabisa. Wenzake wengi wana ufunguo wao mmoja, wamepumzika. Lakini mwenye klarineti nene, Wafaransa wanamwandikia kwa sol, Wajerumani kwa fa, na wengine wanachanganya zote mbili katika ukurasa mmoja, eti mpigaji atajijua mwenyewe! Watu wamefika mwezini, kaka, na wameshindwa kukubaliana juu ya ala moja.

Azzan alijifunza zote mbili. Miaka miwili alijifunza, mpaka akila anapiga vidole mezani.

Basi Jumatatu, kwenye mazoezi, wakafika mahali anapopiga yeye peke yake. Akaanza vizuri, kisha katikati akenda upande, kama mtu anayeimba nyimbo za harusi matangani. Mwalimu wao, Mwingereza, akasimamisha watu arubaini. Akasema hata mbuzi wa sokoni Nizwa ukimwekea karatasi ile ataila kwa adabu zaidi. Na Mahrous, anayewatafsiria, hakuifunika. Akaitafsiri yote kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, ili na wasiojua Kiingereza wapate kucheka. Mahrous huyu huyu anayekula halua kwangu kila Ijumaa! Leo hakuja. Pale pale klarineti akapewa Yaarub, aliyeanza juzijuzi tu, na Azzan akapewa matoazi, ayagonganishe mara nne kwa muziki mzima.

Nilimuuliza mbona hukujitetea. Akaniambia macho yake yalipitiwa. Nikamwambia macho gani, wewe unayeona chembe ya mchanga ndani ya wali? Akasema basi, mama Aliya, yalipitiwa. Nikamlaani yule Mwingereza, nikamlaani Mahrous, nikawalaani na Wajerumani. Nikaapa kosa limo katika ile karatasi.

Na kweli limo, kaka. Ila si karatasi yao.

Ile ya asili ilikuwa kuukuu, imechanika kwenye mikunjo. Azzan alipokuja nayo nyumbani nilimwambia nipe mimi niinakili. Unaujua mkono wangu. Kofia za viua nimechora tangu utotoni Unguja, hujaona safu iliyopinda. Nikanakili kurasa tatu, nukta kwa nukta. Akajifunzia yangu, na ndiyo aliyoiweka mbele yake siku ile. Jana wametaka ya asili irudishwe. Nikazitoa zote mbili, nikazitandaza sakafuni, nitafute kosa la Mzungu. Nikalikuta mstari wa saba wa ukurasa wa kwanza, ukihesabu kila mistari mitano kuwa mstari mmoja. Katikati ya mstari, ufunguo wa fa unakoma, na pana ufunguo mdogo wa sol. Kwenye karatasi yangu mimi sikuuandika. Na nakumbuka kuuona! Niliuona nikasema mchoraji huyu kakosea, maana kwenye kofia, ua geni likikaa peke yake katikati ya safu ni kosa, na mwenye kunakili kwa adabu halirudii. Nikauacha. Nikaona nimemsaidia.

Si hilo tu. Kwenye karatasi yangu, mahali pale pale, pana ufunguo wa sol umetiwa kwa penseli, mdogo kabisa, kwa mkono wa Azzan. Basi aliporudi alizilinganisha, akajua kosa ni la nani, na akakubali kubaki na aibu ya mbuzi mbele ya wenzake arubaini kuliko kunitaja. Nimelia, kisha nikakasirika upya, safari hii naye. Nani kamwambia mimi ni yai? Mimi niliyemzaa Aliya barabarani, gari halijafika hospitali, nivunjike kwa alama moja?

Kesho Jumamosi mtoto nitamwachia jirani yangu Radhia, nivae buibui, niende mpaka lango la kambi na karatasi zote mbili. Mahrous nitamtaka aje atafsiri, na atafsiri kwa sauti ile ile. Azzan sijamwambia, angenizuia.

Ninalokuomba, kaka, mwandikie kwamba nafasi ya dukani imeshapata mtu. Ni uongo, najua, dhambi yake iwe juu yangu. Lakini akiona kwako mlango uko wazi, atatoka kimya kimya kama alivyonyamaza Jumatatu, na atauza mabomba mpaka azeeke. Wakimrudishia klarineti yake, alhamdulillahi. Wasipomrudishia, basi wajue wamemnyima mtu anayejua kusoma.

Wifi Wadha mwambie udi wake umefika salama, namshukuru. Watoto nibusie mmoja mmoja, na wote wa hapo wape salamu zangu.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Shukriya